Ghala Bila Mlango Halimshibishi Mwenye Njaa

Yapo mabishano ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa ya kipuuzi, lakini yanapochunguzwa hudhihirisha suala zito lililojificha chini yake. Mojawapo ni haya ambayo yamekuwa yakiendelea miongoni mwa kundi la walimu wa Kiswahili ninaowafahamu. Walimu hao wamejenga wiki ya jumuiya, yaani ghala la maandishi katika intaneti ambamo kila mwanachama ana ruhusa ya kuandika, kusahihisha na kuongeza. Humo wameweka maelezo ya sarufi, uchambuzi wa fasihi simulizi, istilahi za sayansi na mengineyo mengi. Kwa majuma kadhaa sasa wamegawanyika pande mbili kuhusu jambo moja: je, kisanduku cha kutafutia kiwekwe katikati ya ukurasa wa mwanzo, au ukurasa huo uachiwe salamu, picha na makala teule kama ulivyo?

Huenda msomaji akauliza, jambo hilo lanihusu nini mimi nisiyekuwa mwanachama wa kundi hilo? Mimi nashikilia kwamba linamhusu kila mwalimu na kila mwanafunzi wa nchi hii. Swali lililo chini yake ni hili: maarifa yaliyoandikwa kwa Kiswahili yanaweza kupatikana na mtu anayeyahitaji, wakati anapoyahitaji? Ikiwa jibu ni la, basi jasho lote la waandishi ni sawa na la mkulima aliyevuna mahindi yake akayafungia katika ghala lisilo na mlango. Nafaka imo, tena tele, lakini watoto wanalala njaa.

Kabla ya kuzipima hoja za pande zote mbili, yafaa tuieleze asili ya chombo chenyewe. Wiki tunayoizungumzia si ile ya siku saba. Neno hili limetoka katika lugha ya Hawaii, na maana yake ni haraka. Mmarekani Ward Cunningham aliliazima kutokana na jina la mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu, akaipa jina hilo tovuti aliyoifungua tarehe 25 Machi 1995, ambayo ilimruhusu msomaji kubadilisha alichokuwa akikisoma. Tarehe 15 Januari 2001 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha Wikipedia kwa wazo lilo hilo, na mnamo mwaka 2003 ikazaliwa Wikipedia ya Kiswahili, inayojitambulisha kama kamusi elezo huru. Leo hii ina makala zaidi ya 80,000. Dada yake wa Kiingereza alivuka makala 6,000,000 mwezi Januari 2020.

Nimezitaja tarakimu hizi kwa sababu maalumu. Wiki yenye makala 30 haina haja ya kisanduku. Majina yote yanaweza kupangwa katika ukurasa mmoja na msomaji akayapitia kwa jicho kama mtu anayesoma orodha ya vyakula hotelini. Wiki yenye makala 3,000 haiwezi kufanya hivyo. Na Wikipedia ya Kiswahili, hata kama ukurasa wake wa mwanzo ungetaja makala 100 kwa majina, ungekuwa umeonyesha chini ya makala moja katika kila 800. Zilizosalia zimo ndani, kimya, zikisubiri mtu azitafute. Kwa hiyo kukua kwa wiki ndiko kunakozaa tatizo la kutafuta. Wiki ya walimu ninaowasema imefika umri huo, na ugomvi wao ni dalili ya afya, si ya ugonjwa.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni kwamba kisanduku tayari kipo. Programu ya MediaWiki, ambayo huendesha Wikipedia na wiki nyingine nyingi, hukiweka kisanduku juu au kando ya kila ukurasa. Ya nini basi, wanauliza, kuweka cha pili? Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kwamba kuwapo si kuonekana. Hadi mwaka 2010 kisanduku cha Wikipedia kilikuwa safu ya kushoto, chini ya orodha ya viungo. Mwaka huo kikahamishiwa juu upande wa kulia. Baadaye sura mpya ya tovuti hiyo ilikisogeza tena karibu na nembo na kukipanua. Na katika ukurasa ule unaozijumuisha lugha zote za Wikipedia, kisanduku kimekaa katikati kabisa, chini ya nembo. Watu wenye uzoefu wa miaka mingi hawangekuwa wakikihamisha chombo hiki kila baada ya muda kama mahali pake pangekuwa hapana maana.

Isitoshe, wasomaji wetu wengi hawatumii tarakilishi ya mezani. Wanatumia simu, tena aghalabu simu ya mzazi, iliyoazimwa kwa nusu saa baada ya chajio. Katika kioo chembamba, mara nyingi kisanduku hujikunja na kubaki alama ya kioo cha kukuzia, isiyo na neno hata moja. Sisi tuliozoea tunajua kwamba alama hiyo maana yake ni tafuta. Lakini mwanafunzi wa darasa la saba ambaye hajawahi kuambiwa, ataijuaje? Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, nami nakubali. Ila macho huona kile ambacho akili imefundishwa kukitambua. Kisanduku kilicho katikati ya ukurasa, chenye neno Tafuta limeandikwa waziwazi kando yake, hakimhitaji mkalimani.

Hoja ya pili ni ya adabu, nami naiheshimu zaidi. Wanaoitoa wanasema kwamba ukurasa wa mwanzo ni baraza ya nyumba. Mgeni hukaribishwa, akapewa kiti na kahawa, kisha ndipo akaulizwa shida iliyomleta. Kumwekea kisanduku usoni pindi anapobisha hodi ni kama kumfokea: sema unachotaka, uondoke. Ni picha nzuri, na inatoka katika mila zetu. Hata hivyo, nauliza: mgeni aliyekuja mbio kwa sababu mtoto wake anaumwa, naye tumkalishe barazani na kumsimulia habari za mvua? Mwanafunzi aliyefungua wiki saa tatu za usiku akiwa na kazi ya kukamilisha kabla ya asubuhi, na kifurushi cha data kinachokwisha, ni mgeni wa namna hiyo. Ukarimu wa kweli kwake ni kumwonyesha njia. Wala hakuna anayetaka picha na makala teule ziondolewe. Kisanduku kinahitaji nafasi ya mstari mmoja tu, na gharama yake ni ndogo: kipo kiongezo cha MediaWiki kiitwacho InputBox ambacho huwezesha kuweka kisanduku popote katika ukurasa kwa kuandika mistari michache. Baraza na mlango haviwezi kushindwa kukaa nyumba moja.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyonisukuma kuishika kalamu. Wanasema kisanduku humjibu mtu kile alichouliza tu. Anayepekua rafu za maktaba akitafuta kitabu cha ushairi huweza kukutana na kitabu cha historia ya Lamu kilichokaa kando, akakichukua, na maisha yake yakabadilika. Anayetumia kisanduku hana bahati hiyo. Zaidi ya yote, kisanduku humtaka msomaji awe tayari analijua jina la kitu anachokitafuta. Na mwanafunzi, kwa ufafanuzi wa neno lenyewe, ni mtu ambaye bado hajui.

Hili siwezi kulikanusha. Nakiri kwamba kisanduku peke yake ni mlango unaofunguka kwa mwenye ufunguo, na ufunguo huo ni neno sahihi. Lakini kutokana na ukweli huo, wenzetu wanafikia hitimisho ambalo mimi silikubali. Wao wanasema: kwa kuwa kisanduku ni kigumu kwa asiyejua neno, tusikiweke mbele. Mimi nasema: kwa kuwa ni kigumu kwa asiyejua neno, tukiweke mbele, kisha sisi wenye wiki tufanye kazi ya kupunguza ugumu huo. Na ugumu wenyewe, kwa lugha yetu, ni mkubwa kuliko wanavyodhani wengi. Naomba msomaji anivumilie nilieleze jambo hili kwa mifano, maana hapa ndipo penye kiini cha makala haya.

Mashine ya kutafutia haisomi makala yote kila inapoulizwa swali. Hutengeneza kwanza faharasa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa vitabu vya masomo: kila neno limeandikwa na kando yake kurasa linamopatikana. Ukiandika neno, mashine hulitazama katika faharasa na kukuletea kurasa hizo. Ikiwa imeundwa kulinganisha neno kwa neno, basi kwake walimu ni neno moja na mwalimu ni neno jingine, wala haijui kwamba wawili hao ni umoja na wingi. Ukiandika meno, haitakuletea makala yenye jino peke yake. Ukiandika nyimbo, wimbo utafichika. Na mapendekezo yale yanayojitokeza chini ya kisanduku unapoanza kuandika huwa mara nyingi yanafuata herufi za mwanzo za jina la makala. Mtoto aliyeanza na herufi za walimu hatapendekezewa makala yenye jina Mwalimu, ijapokuwa ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Kwa Kiingereza tatizo hili liliwahi kupatiwa dawa mapema. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni maarufu ya kukata viambishi tamati ili maneno ya asili moja yahesabiwe kuwa kitu kimoja. Dawa hiyo iliwafaa Waingereza kwa sababu maneno yao hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili, kama walimu wanavyojua na kama wanafunzi wanavyolazimika kujua, hubadilika pande zote mbili, hasa mwanzoni. Tazama neno kama waliomfundishia. Mzizi fund- umefunikwa na viambishi vinne upande wa mbele na vitatu upande wa nyuma. Mashine inayokata mikia tu itabaki imeduwaa mbele ya neno lenye kichwa kirefu namna hiyo.

Si kwamba wataalamu wameshindwa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, alianza katika miaka ya 1980 kuunda programu ya kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili, na kazi yake imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Waama inatia tafakuri kwamba mmoja wa watu waliojitahidi zaidi kuifundisha tarakilishi ngeli zetu aliifanya kazi hiyo katika nchi ya theluji. Lakini wiki ndogo ya jumuiya, inayoendeshwa na walimu kwa muda wao wa ziada, aghalabu huchukua mashine ya kutafutia kama ilivyokuja, nayo imekuja ikiwa na mazoea ya lugha nyingine.

Mazoea hayo hujitokeza hata pale ambapo hatuyatarajii. Mfumo wa hifadhidata wa MySQL, uliotumiwa na tovuti nyingi mno duniani, katika mpangilio wa kawaida wa majedwali yake ya aina ya zamani uliyaacha nje ya faharasa maneno yenye herufi chini ya nne. Katika Kiingereza hasara yake si kubwa, kwa kuwa maneno mengi mafupi kiasi hicho ni viunganishi na vihusishi. Lakini kwetu sisi jua, mto, mji, uji, nzi na nta ni maneno kamili yenye uzito wake. Msimamizi asiyejua kubadilisha mpangilio kama huo aweza kuwa na makala bora kuhusu mto, na asiyatie machoni mwa msomaji hata siku moja. Hakuna aliyekusudia kuidhulumu lugha yetu. Ni kwamba aliyekata kanzu hakutupima sisi.

Wala tatizo la kupanga maneno ya Kiswahili halikuanza na tarakilishi. Walimu wenzangu watakumbuka kwamba kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi yalimotoka, hata anayetaka msomaji akalazimika kwenda kwenye soma. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981 ilichukua njia nyingine: nomino hutafutwa kwa herufi yake ya kwanza, kiambishi kikiwamo, ilhali kitenzi hutafutwa kwa mzizi wake. Njia ya kwanza humfundisha mtu undugu wa maneno, ya pili humfikisha upesi. Kila mojawapo ilikuwa uamuzi kuhusu msomaji: tunadhani anajua nini anapofungua kitabu? Swali la kisanduku ni lilo hilo, limevaa nguo mpya tu.

Kuna na ugumu mwingine ambao tumejiletea wenyewe, nao ni wingi wa majina ya kitu kimoja. Mimi nimeandika tarakilishi. Ndugu yangu wa Dar es Salaam ataandika kompyuta. Wa tatu atasema ngamizi. Runinga na televisheni ni chombo kimoja, vivyo hivyo rununu na simu ya mkononi. Katika sayansi hali ni ngumu zaidi. Mwanafunzi wa Kenya husomeshwa elimu ya viumbe kwa Kiingereza, kwa hiyo jina analolijua la namna mimea inavyojitengenezea chakula kwa nuru ya jua ni la Kiingereza. Makala ya Kiswahili yataitwa usanisinuru. Mtoto huyu, hata awe na bidii ya mchwa, hawezi kuandika kisandukuni neno ambalo hakulisikia darasani wala nyumbani. Ataandika lile la Kiingereza, hatapata kitu, naye ataondoka.

Je, ataondoka na fikira gani? Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Kisanduku kinapotoa jibu tupu, mwanafunzi hasemi kwamba faharasa haikuelewa wingi wa nomino, au kwamba istilahi aliyotumia si ile iliyotumiwa na mwandishi. Husema kwamba Kiswahili hakina jambo hilo. Huongeza ushahidi mmoja katika mzigo mkubwa wa ushahidi ambao amekuwa akiukusanya tangu utotoni, kwamba lugha hii ni ya salamu, nyimbo na siasa, na kwamba elimu inakaa kwingine. Ushahidi huo ni wa uongo, maana makala yalikuwamo. Lakini uongo huu hauna mtu wa kuukanusha, kwa sababu hutokea kimya kimya kati ya mtoto na kioo cha simu. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nayo imeadhimishwa tangu mwaka 2022. Heshima zote hizo haziwezi kumsaidia mtoto ambaye kisanduku kimemwambia: hakuna.

Tufanyeje basi? Naonelea mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi wala amri ya wizara.

Kwanza, kisanduku kiwekwe mbele, kikiwa na maelezo mafupi kwa Kiswahili sanifu: andika neno moja au mawili, jaribu umoja na wingi. Chini yake ziwekwe jamii chache za makala, mathalani Sarufi, Fasihi, Historia, Sayansi, Jiografia, ili yule asiyejua jina la kitu apate mlango wa pili wa kuingilia. Hivyo ndivyo tutakavyoijibu hoja ya wale wanaopenda kupekua rafu. Anayejua atauliza, asiyejua atatembea. Maktaba za enzi ya makaratasi zililijua jambo hili: kabati la kadi liliwekwa mahali pa wazi, na rafu nazo ziliachwa wazi.

Pili, zitengenezwe kurasa za kuelekeza. Huu ni ukurasa mdogo usio na makala, ambao kazi yake ni kumpeleka msomaji mahali panapofaa. Ukurasa wa tarakilishi humpeleka kwenye kompyuta, wa walimu humpeleka kwenye mwalimu, na jina la Kiingereza humpeleka kwenye usanisinuru. Kila mmoja huandikwa kwa mstari mmoja. Hapa ndipo ninapowaona wanafunzi. Kazi ya kuandika makala nzima huweza kumtisha kijana wa shule, lakini kuorodhesha majina kumi ambayo mtu angeweza kuyatumia kukitafuta kitu kimoja ni zoezi la sarufi na msamiati ambalo darasa lolote linaweza kulifanya kwa kipindi kimoja. Humo mtajifunza ngeli, visawe, lahaja na hata makosa ya kawaida ya tahajia, kwa kuwa aliyekosea herufi moja naye ana haki ya kufikishwa. Kwa njia hii upungufu wa mashine hugeuka kuwa somo, na somo huacha nyuma yake kitu kinachowafaa watu wengine.

Tatu, wasimamizi wayatunze maneno yaliyotafutwa yasipatikane, bila kuhifadhi majina ya waliotafuta. Orodha hiyo ni hazina. Mhariri huandika anachokipenda yeye. Orodha ya maneno yaliyokosekana humwambia wasomaji wanapenda nini. Wiki yaweza kuwa na makala kumi juu ya wanasoka, huku wasomaji wake wakigonga mlango kila jioni wakiuliza juu ya kisukari. Bila kisanduku, njaa hiyo haionekani, maana msomaji aliyekosa huenda zake bila kuaga. Nikitakiwa kutoa sababu moja tu ya kukiunga mkono kisanduku, nitaitoa hii: ndicho mahali ambapo msomaji, ambaye siku zote husikiliza, hupewa nafasi ya kusema.

Nne, jibu tupu lisiwe mwisho wa safari. Kwa kawaida MediaWiki, inapokosa makala yenye jina lililoandikwa, huweka kiungo chekundu kinachomwalika mtafutaji kuyaanzisha makala hayo. Walimu wawafundishe wanafunzi wauelewe mwaliko huo. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliendesha mashindano ya kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, nayo yakazaa mamia ya makala. Yalikuwa mema, lakini mashindano yana kasoro yake ya kimaumbile: tuzo zikishatolewa, kalamu huwekwa chini. Anayeandika kwa sababu alitafuta jambo akalikosa, akalichunguza, kisha akalijaza pengo ili mwenzake asilikose, huyo ana sababu ya kuandika isiyokwisha na tuzo. Kwa lugha ya Wikipedia yetu, makala fupi iliyoanzishwa huitwa mbegu. Sijui jina lililo bora zaidi.

Najua kuna watakaoniambia kwamba nimechelewa. Watasema siku hizi mtu hana haja ya kutafuta, kwa kuwa zimekuja mashine za akili bandia ambazo huulizwa swali kwa lugha ya kawaida zikajibu papo hapo. Sizidharau. Lakini mashine hizo hujifunza kutokana na maandishi ambayo watu wameyaandika, na Wikipedia ni miongoni mwa vyanzo vyake. Lugha yenye maandishi machache, au yenye maandishi yasiyosahihishwa, itapewa majibu dhaifu. Makala yasiyopatikana hayasomwi, yasiyosomwa hayasahihishwi, na yasiyosahihishwa ndiyo yatakayofundishwa mashine hizo kama ukweli. Zaidi ya hayo, jibu la mashine humpa mtu kauli, bali wiki humwonyesha nani aliandika, lini, na nani aliyempinga. Kwa mwanafunzi anayejifunza kupima ushahidi, tofauti hiyo si ndogo.

Kwa walimu walionichochea kuandika haya, nina neno moja la heshima. Nyote mmeitumikia lugha kwa jasho ambalo hamkulipwa. Upande unaokitaka kisanduku usidhani kwamba ukishakiweka kazi imekwisha, maana kisanduku bila kurasa za kuelekeza ni mlango wenye kufuli. Upande usiokitaka usidhani kwamba msomaji anayekuja na swali ni mtu wa pupa. Mara nyingi swali ndilo kitu cha thamani kuliko vyote alivyo navyo, na kuuliza si ujinga. Fanyeni jaribio dogo: waketisheni wanafunzi watano mbele ya ukurasa wenu, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na swali lake mwenyewe, nanyi mnyamaze kimya mtazame vidole vyao vinakwenda wapi. Dakika kumi za kutazama zitamaliza ubishi wa majuma mengi.

Atafutaye hachoki, walisema wazee, na akichoka keshapata. Methali hiyo iliwatia moyo watafutaji kwa vizazi vingi, lakini haikutupa sisi wenye ghala ruhusa ya kuwachosha makusudi. Mtoto wa leo huchoka baada ya majaribio mawili, kisha hugeukia lugha nyingine ambako mlango uko wazi na taa inawaka. Tukitaka abaki kwetu, tumfungulie.